Masikio ya Fundi Sefu

Injini ilipolia vibaya, Nasiba alifunga upya mtandio wake. Hiyo ndiyo ilikuwa alama yao. Akiufungua, akaukung'uta kidogo na kuufunga tena chini ya kidevu, mumewe, Fundi Sefu, alijua kwamba moto unawaka mapema mno ndani ya injini. Hapo alisimamisha gari kando ya barabara, akafungua boneti, akailegeza delko, ile kofia nyeusi inayogawa moto kwenye plagi, na kuirudisha nyuma kwa unene wa mstari uliokwaruzwa kwa msumari. Nasiba akiiacha mikono yake mapajani, basi kazi imekwisha, mwenye gari aende zake salama.

Kwa miaka minne hakuna aliyewashtukia. Watu wa Kamembe, mji wa mpakani, walijua tu kwamba Sefu hahitaji taa wala mashine, anategesha moto wa gari kwa sikio, na gari likitoka kwake linapanda. Walikuja kutoka Giheke, kutoka Bugarama, na wengine walivuka daraja la Rusizi kutoka Bukavu vita vilipotulia kidogo ng'ambo ile. Walimwona mkewe akipanda kila gari linalojaribiwa, kikapu mkononi, eti anashushwa sokoni. Mwanamke gani huyo aendaye sokoni mara tatu kwa siku? Lakini mtu mwenye gari bovu ana shida zake, hana muda wa kuhesabu safari za mke wa fundi.

Ukweli ni kwamba Sefu hakusikia. Hakuwa kiziwi kabisa: maneno ya uso kwa uso aliyapata, na mngurumo wa injini aliusikia mikononi na kifuani. Kilichompotea, tangu bomu lilipoanguka karibu na gereji aliyokuwa akifanyia kazi Bukavu mwaka wa tisini na sita, ni sauti nyembamba. Kengele ya baiskeli haikumfikia, wala ndege, wala mlio mdogo ulio roho ya kazi yake. Maana injini ya petroli ikiwashiwa moto mapema kidogo hupata nguvu, lakini ikiwashiwa mapema zaidi huanza kujipiga yenyewe. Hapo hulia kama punje za mchele zinazomwagwa kwenye sahani ya bati, tena hulia ikiwa na mzigo, ikipanda, si vinginevyo. Asiyeusikia mlio huo huendelea kukanyaga mafuta huku pistoni inaliwa. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ya Sefu ilikuwa Nasiba.

Mwezi wa kwanza wa mwaka elfu mbili na moja, wakati wa mavuno ya mpunga, ililetwa pikapu ya Mukamazimpaka. Huyu alikuwa mjane wa Bugarama aliyekuwa na mashine ndogo ya kukoboa mchele, na pikapu hiyo kuukuu ndiyo iliyompandishia mchele wake mpaka soko la Kamembe. Dereva wake, Harerimana, alikuwa kijana wa maneno mengi. Alisimama kando ya injini iliyo wazi, akawa anaelekeza kama yeye ndiye aliyeitengeneza.

"Fundi, ile mulima ya kutoka Bugarama inaniua. Napanda na vitesi ya kwanza, gia ya chini kabisa, bantu ba baiskeli banabaki banacheka. Unipatie nguvu."

"Gari ya Bugarama haipatiwe nguvu mingi," Sefu akamjibu. "Kule chini iko joto, muzigo iko muzito, na ile esansi yenu ya ma bidon, petroli ya kuuziwa mu madumu, nani anajua walichanganyaka nini ndani? Gari kama hii tunairudisha nyuma kidogo. Ile njo usalama yake."

"Basi tuache. Kuko fundi mwingine kule juu, ye haogope."

Sefu hakupenda neno lile. Alizungusha delko mbele mpaka mlio wa injini ukapanda na kukaza, akakwaruza alama kwa msumari, kisha akasema watakwenda kuijaribu kwenye kilima cha Cyangugu, na magunia ya chumvi yaliyokuwa nyuma yabaki humo humo yawe mzigo. Nasiba alikuwa amekwisha kusogea na kikapu chake.

Harerimana akamtazama, akacheka. "Fundi ni nani hapa, we ama maman? Kila mara nakuya, maman iko ndani ya gari."

Wanaume waliokuwa kwa Habimana, mziba magurudumu wa jirani, wakacheka. Habimana mwenyewe aliacha kupampu ili acheke vizuri. Ilikuwa kazi ya Sefu sasa kujibu, na angeweza kujibu kwa mzaha wowote chini ya jua. Alichagua huu:

"Huyu? Huyu hajue hata buji, plagi ya gari, iko namna gani. Masikio yake ni ya kusikia mambo ya bajirani tu. Anapenda kutembea mu gari."

Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Nasiba naye akacheka, kama wake wanavyocheka hadharani, akapanda garini, akafunga mlango. Hakuna neno lingine ambalo lingemwuma vile. Angeitwa mvivu au mbaya wa sura, angesahau kabla ya chakula cha mchana. Lakini masikio, yale masikio yaliyowalisha yeye na Sefu na binti yao Niyigena kwa miaka minne, ndiyo yaliyofanywa kichekesho cha mziba magurudumu.

Waliteremka mpaka karibu na ziwa, wakageuza, wakaanza kupanda. Sefu alishika usukani, Harerimana katikati, Nasiba dirishani. Kwenye kona ya pili Sefu alikanyaga mafuta mpaka mwisho, na pale pale mchele ukaanza kumwagika kwenye bati. Ulikuwa mlio mdogo, mkavu na wa haraka, wala haukuwa wa kubahatisha. Mkono wa Nasiba ulipanda wenyewe mpaka kidevuni.

Ya bajirani tu.

Mkono ukashuka. Ukashika mpini wa kikapu kilichokuwa mapajani, ukaulainisha kana kwamba ulikuwa na mwiba. Acha ilie, alijiambia. Harerimana atasikia mwenyewe kesho, atarudi analalamika, na Sefu atajua masikio haya yana kazi gani. Hakutaka pistoni itoboke, Mungu ni shahidi. Alitaka tu aulizwe. Sefu akatazama mikono yake mara moja, akaitazama tena kileleni, akaiona imetulia mapajani.

"Iko muzuri," Sefu akamwambia Harerimana. "Unaweza kuenda."

*

Jioni ile Sefu alirudi nyumbani na nyama, akamsifu mwanawe kwa daftari ambalo hakulifungua, akasema, "Leo tulitumika." Alisema tulitumika, yaani tulifanya kazi, wote wawili, na Nasiba aliyekuwa anakuna muhogo akaona aibu. Nusura amwambie. Kisha akakumbuka kicheko cha Habimana, akasema moyoni kwamba atamwambia kesho. Kesho yake Harerimana alikuwa amekwisha kushuka Bugarama, na hakurudi kulalamika, maana alikuwa amepewa nguvu alizozitaka na aliendesha akiimba, redio juu. Siku ya tatu ilinyesha mvua kubwa.

Siku ya nne, Jumamosi asubuhi, Mukamazimpaka alifika kwenye gereji kwa miguu, viatu vyake vya plastiki vimejaa tope jekundu. Alikuwa mwanamke mpole wa umri wa Nasiba, mwenye rozari shingoni. Alisalimia kila mtu, hata Habimana. Kisha akafungua pindo la kitenge chake, akatoa pistoni, akaiweka juu ya meza ya Sefu katikati ya spana. Juu yake palikuwa na tundu ambalo kidole kidogo kingepita, na kingo zake zilikuwa zimeyeyuka.

"Papa Niyigena, sikukuya kupiga makelele," alisema. "Gari ilikufa katikati ya mulima, mvua ikakuya, hema ya kufunika mchele ilikuwa na matobo. Gunia tisa ya mchele ililowa. Fundi wa Bugarama alifungua moteri, akanipatia hii. Nimekuya kukuuliza tu. Bantu banasema unasikia moteri sawa vile docteur anasikia moyo. Hii haukuisikia?"

Sefu aliichukua pistoni, akapitisha kidole chake kwenye tundu, akakizungusha. Watu wa Habimana walikuwa wameshasogea. Nasiba alisimama mlangoni na birika la chai.

Angeweza kusema ni ile petroli ya madumu. Wangemwamini nusu. Au angeweza kusema kwamba dereva alikanyaga kama mwendawazimu, na hilo lingekuwa kweli. Badala yake Fundi Sefu akaweka pistoni mezani polepole.

"Sikuisikia, Mama. Mimi sisikie. Tangu bomu ya Bukavu, sauti ndogo-ndogo hainifikie tena." Akamwelekezea Nasiba kidole bila kumtazama. "Miaka ine nilitumika na masikio ya huyu mwanamke. Moteri ikilia, anafunga kitambaa. Ile siku hakufunga. Sasa naona na masikio yake imekwisha. Ni mimi nilimuchokesha, kila siku namusimamisha karibu ya moteri. Kosa ni yangu, haiko yake."

Habimana akasema, "Kumbe tulikuwa tunaletea magari kwa viziwi babili." Wakacheka, si kwa ubaya sana, ila kicheko hakiulizi kimemwuma nani. Kabla ya adhuhuri mahali pale pakawa na jina jipya, gereji ya viziwi, na mtu mmoja mwenye teksi aliyekuwa anasubiri zamu alifunga boneti yake, akaaga kwa adabu, akaenda kwa fundi wa kule juu.

Nasiba alifungua mdomo. Lakini angesema nini mbele ya watu wale, baada ya mumewe kujivua nguo ili amfunike yeye? Alilitua birika chini.

"Sina pistoni ya kukupatia leo," Sefu akamwambia mjane. "Nitakuya ku mashini yako, nibebe magunia, mpaka utasema inatosha."

Mukamazimpaka alimtazama mikono, akatazama mvi zake. "Uko muzee, Papa Niyigena."

"Hata muzee anabeba."

*

Sikio la kufa halisikii dawa, husema watu, lakini la Nasiba lilisikia kila kitu siku zile, hata lisilotaka. Jumapili alikuwa nyuma ya nyumba anasugua sufuria, na kitu chembamba kikaanguka nyuma yake juu ya saruji. Ting. Nati ndogo, ya nambari nane, aliijua hata bila kuiona. Shingo yake ilianza kugeuka, kisha akaelewa ni nini hicho. Sefu alikuwa anamjaribu. Mtu ambaye mwenyewe hakuisikia nati ile ikianguka alikuwa amesimama pale akimtazama mkewe kisogoni, akisubiri.

Kama angegeuka, basi alisikia. Na kama alisikia nati, alisikia na injini. Aliendelea kusugua. Mchanga ulimwingia kwenye kucha, hakuacha.

Sefu akainama, akaiokota. Alikuja mbele yake, akachuchumaa, akasema kwa sauti kubwa, taratibu, jinsi anavyosemeshwa mgonjwa: "Pole, Mama Niyigena."

Jioni ile alipasha mafuta ya mawese kwenye kijiko, akatia kitunguu saumu kilichopondwa, kama mama yake alivyomfanyia utotoni. Alimlaza Nasiba kichwa mapajani pake, akapima joto la mafuta kwa kidole chake, akadondosha matone matatu sikio la kulia, akaziba kwa pamba, akangoja, akamgeuza upande wa pili. Mikono yake ilinuka mafuta ya gari kama siku zote. Nasiba alilia.

"Inachoma?" Sefu akauliza kwa sauti kubwa.

"Kidogo," alisema. Ulikuwa uongo mwingine juu ya ule wa kwanza.

Siku zilizofuata Sefu alimsemesha kwa kelele hata majirani wakajua chumvi imekwisha nyumbani. Niyigena, binti yao wa miaka kumi, alijisogeza nyuma yake mara moja akanong'ona, "Mama, kweli hausikie?" Nasiba akaendelea kuchambua maharage. Mtoto alisimama kidogo, kisha akaenda zake bila kusema tena. Nasiba amekumbuka mengi katika maisha yake, lakini kile kimya alichompa mwanawe ndicho kinachomrudia mara nyingi kuliko vyote.

*

Jumatano Sefu alianza kufunga vyombo. Alizipanga spana zake juu ya kitambaa chenye grisi, kubwa mpaka ndogo, akazifunga kwa mpira wa baiskeli. Habimana alikuwa amesema atazinunua zote. Kesho yake asubuhi Sefu angeshuka Bugarama, akabebe magunia pamoja na vijana wa umri wa watoto ambao hakuwazaa. Nasiba alikuwa upande wa pili wa chumba, amempa mgongo, anakunja shati lake la kusafiria.

"Viziwi babili habawezi kuwa na gereji," Sefu alisema, zaidi kwa nafsi yake. "Ingekuwa mumoja tu, tungeendelea."

Akauinua mzigo wa spana. Kitambaa kilikuwa na tundu. Nati ikaponyoka, ikapiga saruji, ikaruka, ikabingirika mpaka chini ya kabati. Sefu hakujua. Hakuwa anamjaribu mtu, alikuwa anatafuta kofia yake.

Nasiba alishika shati kwa mikono miwili. Akinyamaza, mumewe atakwenda kuvunjika mgongo huku akimhurumia, na atamhurumia mpaka mmoja wao azikwe. Akisema, atabaki fundi, lakini hatamwangalia tena kama jana. Alitamani pawe na njia ya tatu, akangoja kidogo kama iko, haikuja. Akageuka, akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya kabati, akaileta nati mbele ya Sefu kwenye kiganja.

Sefu aliitazama nati. Akatazama kabati, kisha mahali Nasiba alipokuwa amesimama, mgongo kwake.

"Umeisikia," alisema. Hakupaza sauti safari hii.

"Nimeisikia. Na ile ya Jumapili, siku ya Mungu, niliisikia." Akamtia nati mkononi. "Na ile ya ku mulima."

Sefu akaketi juu ya kitanda. Akaupakata mzigo wa spana.

"Ni sababu ya ile neno?"

"Njo sababu."

"Ile neno ilikuwa ya bale bantu. Haikuwa yako."

"Ni mimi ilinifikia, Papa Niyigena. Nilitaka tu uniulize. Nilisema nitakuambia kesho. Nisamehe."

Sefu aliigeuza nati vidoleni. Hakumtukana, wala hakumpiga, wala hakumfukuza arudi kwao, na Nasiba angependa afanye hata mojawapo ya hayo. "Na mimi nilikosa," alisema hatimaye. "Nilikutukana mbele ya bantu, na nilijua ni uongo." Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo labda yeye mwenyewe hakuisikia, "Mafuta nilikutia mu masikio."

*

Walishuka Bugarama pamoja. Sefu alimweleza Mukamazimpaka mbele ya mashine yake, na hakumficha kitu, ila alisema tulikosa, hakusema alikosa. Mjane alimtazama Nasiba kwa muda mrefu. Kisha akachukua ungo, akamkabidhi. Pistoni iliyotumika ilipatikana kwa jamaa mmoja aliyevuka kutoka Bukavu, na Sefu akafanya kazi siku tano chini ya joto lile bila malipo, na baada yake akabeba magunia kwa wiki tatu kufidia mchele, Nasiba akipeta pumba pembeni.

Siku ya kulijaribu gari walipakia magunia kumi na tano. Mukamazimpaka alipanda nyuma, juu ya mchele wake. Nasiba aliketi mbele bila kikapu, hakikuwa na kazi tena. Gari lilishika mlima, Sefu akakanyaga mafuta mpaka mwisho. Nasiba alisikiliza kama hajawahi kusikiliza maishani, kona hata kona, na injini ilikuwa safi, haikumwaga hata punje moja.

Mikono yake ilikuwa mapajani. Sefu akaitazama. Zamani angeitazama tu, asingeuliza.

"Hailie?" aliuliza.

"Hailie."

"Kweli?"

"Kweli, Papa Niyigena."

Alikwenda hatua kidogo, kisha akasimamisha gari kando ya barabara. Alishuka, akafungua boneti, akailegeza delko, akairudisha nyuma kwa unene wa mstari mmoja wa msumari, akakaza. Mukamazimpaka akainama kutoka juu ya magunia, akauliza kuna nini.

"Haiko kitu, Mama. Usalama tu."

Sefu alirudi kwenye usukani na hakumwangalia mkewe. Gari likaondoka, likipanda kwa uzito zaidi kidogo kuliko mwanzo; Harerimana angekuwapo angelinung'unikia.

Gereji ipo mpaka leo, na jina lile la viziwi watu wamelisahau. Wateja humsifu Sefu kwamba gari lililotoka kwake halina mbio sana mlimani, lakini halivunjiki. Wanasema uzee umemfundisha uangalifu. Nasiba huketi garini mchana kweupe, husema kwa mdomo wake kama inalia au hailii, na kila akisema hailii, mumewe huitikia kwa kichwa, kisha hushuka na kurudisha delko nyuma mstari mmoja. Nasiba ndiye anayejua mstari ule ni wa kosa lipi, na hajawahi kumwomba auache.